Nyumba Rubavu: Hati, maji na akiba kabla ya rangi ya ukuta

Kwa familia nyingi za mji wa Gisenyi na viunga vyake, nyumba ndiyo akiba kubwa kuliko zote. Mfanyabiashara avukaye mpaka kila asubuhi kuelekea Goma hana kawaida ya kuweka faida yake katika hisa wala dhamana za serikali. Huiweka katika mawe meusi ya volkano, saruji na mabati. Chumba cha nyuma hupangishwa, kibaraza hugeuzwa duka, na kiwanja hutarajiwa kuwa urithi wa watoto. Mali yote ya kaya huishia mahali pamoja, na mahali penyewe hapajatulia.

Katika muda usiotimia miaka minne, nyumba za wilaya ya Rubavu zilipigwa mara tatu, kila mara kwa namna yake. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka upande wa Kongo. Lava haikufika Gisenyi, lakini mitetemeko iliyofuata kwa siku kadhaa ilipasua kuta na kuacha nyufa ardhini hadi katikati ya mji. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 mvua kubwa iliufanya mto Sebeya kufurika. Maafa ya usiku huo katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini yaliua zaidi ya watu 130, na nyumba kwa maelfu zilibomoka au kusombwa. Tarehe 27 Januari 2025, wakati wa mapigano ya kuwania Goma, risasi na makombora vilivuka mpaka, vikaua raia na kuharibu nyumba.

Kila mara msaada wa dharura ulifika: hema, chakula, matibabu. Lakini hema si nyumba. Mzigo wa kujenga upya humwangukia zaidi mwenye nyumba mwenyewe, na hapo tofauti hujitokeza. Familia mbili za mtaa mmoja, zenye kipato kinacholingana, hazisimami tena kwa kasi moja. Mara nyingi kinachozitenganisha ni mpangilio wa matumizi ya miaka iliyotangulia: kipi kililipiwa kwanza, na kipi kiliahirishwa.

Kodi iliyopungua

Mahali pa kuanzia ni fedha ambayo mwenye nyumba huenda hajui kwamba amebakiwa nayo. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu vyanzo vya mapato vya serikali za mitaa iliruhusu kodi ya kiwanja kufikia hadi faranga 300 kwa kila mita ya mraba. Malalamiko yalikuwa mengi, na sheria mpya ya Septemba 2023 ikashusha kikomo hicho hadi faranga 80. Kiwango halisi hupangwa na baraza la wilaya ndani ya kikomo hicho, hivyo hutofautiana kati ya mtaa na mtaa.

Kwa kiwanja cha mita za mraba 300, kikomo cha zamani kilimaanisha faranga 90,000 kwa mwaka. Cha sasa ni faranga 24,000. Tofauti ya juu kabisa ni faranga 66,000. Fedha hiyo haijengi nyumba, lakini inaweza kununua vipande vya mfereji wa paa na kumlipa fundi kwa siku chache.

Jambo la pili halijulikani vya kutosha. Nyumba moja ambayo mmiliki ameichagua kuwa makazi ya familia yake, pamoja na majengo yake madogo ya kando, haitozwi kodi ya jengo. Kinachobaki ni kodi ya kiwanja. Nyumba ya pili ya makazi ndiyo hutozwa, na sheria ya 2023 iliishusha kodi hiyo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 0.5 ya thamani ya soko. Anayepangisha akumbuke pia kwamba mapato ya pango yana kodi yake peke yake, inayotangazwa kando. Kwa kawaida kodi ya majengo na viwanja hulipwa kabla ya 31 Desemba, na anayechelewa huongezewa riba na faini. Kulipa mapema kwa Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, RRA, na kuhifadhi risiti, ndiyo hatua ya kwanza ya kulinda nyumba isiyohitaji tofali hata moja.

Hati na majina yaliyomo

Rwanda ilisajili viwanja vyake nchi nzima katika kampeni iliyoanza mwaka 2009, na tangu Januari 2023 hati ya ardhi hutolewa kwa mfumo wa kielektroniki. Kila kiwanja kina namba yake ya utambulisho, UPI, na kwa namba hiyo mnunuzi au mwenye mali anaweza kuthibitisha jina la mmiliki na ukubwa wa kiwanja. Hata hivyo, bado wapo walionunua kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya majirani, wakaishi kwa amani miaka kumi bila kuhamisha usajili. Amani hiyo hudumu hadi siku ya maafa, ya kifo au ya mkopo. Benki, kampuni ya bima na ofisi ya wilaya huanza na swali lile lile: hati iko kwa jina la nani?

Swali hilo ni zito zaidi kwa wanawake. Katiba ya Rwanda inaitambua ndoa ya mke mmoja iliyofungwa mbele ya serikali. Mwanamke aliyeolewa kwa nikahi pekee, au kwa mila pekee, anaweza kushiriki kujenga nyumba kwa miaka ishirini na kujikuta hana nafasi ya mke kisheria siku mume anapofariki. Suluhisho lipo. Ndoa inaweza kuandikishwa serikalini. Na hata pale ambapo hilo halijafanyika, hati ya ardhi inaweza kubeba majina ya watu zaidi ya mmoja, pamoja na sehemu ya kila mmoja. Vilevile, tangu sheria ya mirathi ya mwaka 1999, binti ana haki ya kurithi sawa na kaka yake. Familia inayoyazungumza haya mapema hujiepusha na kesi inayoweza kula thamani ya nyumba yenyewe.

Kiswahili ni lugha rasmi nchini tangu mwaka 2017, lakini shughuli za ardhi na kodi huendeshwa zaidi kwa Kinyarwanda. Asiyekisoma vizuri asione haya kumwita mtu anayemwamini amsomee kila mstari kabla ya kuweka saini.

Maji kabla ya rangi

Baada ya hati huja maji. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 80 likipokea mvua ya milimita 30 hukusanya lita 2,400, sawa na mapipa kumi na mawili ya lita 200. Paa lisilo na mfereji huyamwaga yote kando ya msingi, au kwenye ukuta wa jirani aliye chini ya mteremko. Nyumba ya matofali ya udongo yasiyochomwa, rukarakara, hulegea kuanzia chini wakati macho ya wenyeji yako kwenye rangi ya juu.

Kwa hiyo mfereji wa paa, tangi na mtaro wa kuyapeleka mbali maji ya ziada vitangulie lipu mpya na lango la chuma. Mtaro usiishie kwa jirani. Upelekwe kwenye mfereji wa mtaa, na kazi ya kuuzibua ndiyo hasa inayofaa kupendekezwa siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Anayeishi chini ya Nyiragongo ana tahadhari moja zaidi: majivu na moshi wa volkano huchafua maji ya mvua. Siku za mlipuko, bomba linaloingia kwenye tangi litenganishwe, na paa lioshwe kabla ya kuunganishwa tena.

Kusoma nyufa

Mitetemeko ya 2021 iliacha nyufa ambazo nyingi zilizibwa kwa saruji na kusahauliwa. Nyufa hazilingani. Ule mwembamba kama unywele, ulio kwenye lipu tu, kwa kawaida si hatari. Ule unaokwenda mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha au mlango, unaopita ndani na nje ya ukuta, au uliopanuka kiasi cha kupitisha penseli, unahitaji jicho la mhandisi. Njia rahisi ya kuufuatilia haina gharama: weka alama kwa penseli mwisho wa ufa, andika tarehe, kisha tazama baada ya mwezi. Ukiwa umevuka alama, nyumba bado inatembea, na kuuziba ni kuficha ugonjwa.

Anayejenga upya au kuongeza vyumba asibane fedha kwenye mkanda wa zege lenye nondo unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha. Mkanda huo huzifunga kuta pamoja, ili tetemeko lisisukume kila ukuta upande wake. Kibali cha ujenzi nacho si usumbufu tu wa ofisini: nyumba iliyojengwa bila kibali iko katika hatari ya kubomolewa.

Bima, benki na kibindo

Bima ya nyumba bado ni ngeni kwa wengi, na anayeinunua mara nyingi hasomi kilichoachwa nje. Mkataba wa kawaida huanza na moto. Tetemeko na mafuriko huweza kuhitaji nyongeza inayolipiwa kando, na madhara ya vita kwa kawaida hayamo kabisa. Katika wilaya ya Rubavu, maneno hayo matatu, tetemeko, mafuriko na vita, ndiyo ya kutafutwa kwanza katika mkataba. Tena, bima inayodaiwa na benki kabla ya kutoa mkopo hulinda kwanza deni la benki. Kinachosalia ndicho cha mwenye nyumba.

Mkopo nao una bei yake. Riba za benki nchini zimekuwa zikikaribia asilimia 16 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, deni la faranga milioni 5 hudai takriban faranga 800,000 za riba katika mwaka wa kwanza, kabla deni lenyewe halijapungua sana. Mkopo wa kujenga chumba cha kupangisha unaweza kujilipa. Mkopo wa kuziba ufa ambao mfereji wa paa ungeuzuia ni hasara tupu. Kikundi cha akiba cha mtaani, ikimina, au akaunti katika Umurenge SACCO, chama cha akiba na mikopo cha tarafa, hutosha kuanzisha kibindo cha nyumba kisichoguswa kwa sherehe wala ada za shule.

Pale matengenezo yasipotosha

Lipo suala ambalo fedha ya matengenezo haiwezi kulimaliza. Kanuni za mazingira zinataka ujenzi ukae mita 50 kutoka ufukwe wa ziwa, mita 10 kutoka kingo za mto mkubwa na mita 5 kutoka kwa mto mdogo. Kwa nyumba iliyo ndani ya ukanda huo, kando ya Sebeya au chini ya mteremko uliokwisha kuporomoka mara moja, kila faranga ya ukarabati huongeza tu thamani ya kitakachopotea. Familia ya hapo hufanya vyema kukusanya fedha ya kuhama badala ya kupaka rangi, na kuuliza mapema wilayani kuhusu viwanja vilivyotengwa kwa makazi.

Kwa wengine wote, kazi ya mwaka huu haizidi uwezo: kuhakiki jina kwenye hati, kulipa kodi kwa wakati, kuyaondoa maji kwenye msingi, kuandika tarehe kando ya kila ufa, na kuusoma mkataba wa bima hadi ukurasa wa mwisho. Mvua za Machi hadi Mei hurudi kila mwaka, na Nyiragongo haina kalenda.