"Mkanda ni mkanda tu"? Thubutu!

Najua nimepotea. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, halafu nikapitia Iringa kwa mjomba, ndiyo maana hapa palikuwa kimya kama darasa la Ijumaa jioni. Sasa nimerudi chuoni. Boomu halijatoka, chumbani tuko sita, maji yanakuja yanapotaka. Lakini leo silalamikii hayo. Leo nina ugomvi na sentensi moja tu, ambayo nimeisikia karibu kila gereji niliyoingia: "Mkanda ni mkanda tu."

Ngojeni niwape kisa, halafu mtaniambia kama nimekasirika bure.

Mjomba wangu ana Land Rover 109, Series III, ya miaka ya 70. Gari hilo limesomesha watoto wanne na mpwa mmoja, ambaye ndiye anayeandika hapa. Linabeba mbao, linabeba viazi, na usiku likibeba mgonjwa hakuna anayeuliza nauli. Injini yake ya petroli, ile ya cc 2,286, ilikuwa imechoka kabisa. Mjomba akaamua kuweka dizeli ya Toyota, 3L, cc 2,779, ile ile iliyokuwa kwenye Hiace na Hilux nyingi mnazozijua. Msianze kucheka kwamba 3L nayo si ya kisasa. Mbele ya Land Rover ile, 3L ni kijana wa juzi, na spea zake zinapatikana hata vijijini.

Mjomba alipokwenda kununua aliuliza maswali mazuri. Injini haijafunguliwa? Haili oili? Gia boksi ya Land Rover itaungwaje nayo? Swali moja hakuliuliza: mbele ya injini kuna nini? Basi injini ikaja na wota pampu na puli ya krenki, basi. Altaneta haipo. Braketi yake haipo. Feni haipo. Muuzaji alishaviuza kimoja kimoja kwa watu wengine.

Fundi akasema hakuna shida. Akatafuta altaneta ya gari la petroli, kwa sababu ilikuwa rahisi kwa shilingi elfu tisini. Puli ya krenki ilikuwa na mifereji miwili, ya altaneta mmoja. "Tutatumia mmoja." Braketi ikachomelewa kwa bapa la chuma, puli hazikukaa mstari mmoja, zikawekwa washa tatu nyuma ya altaneta. Mkanda ukapatikana wenye urefu wa kutosha. Nikauliza kama unalingana na ule wa mwanzo. Nikajibiwa mnajua nini. Mkanda ni mkanda tu.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniuma. Pale kwenye injini kulikuwa na mrija mwembamba wa oili usio na pa kwenda. Fundi akauziba kwa bolti. Na kwenye Land Rover kulikuwa na mpira unaotoka kwenye servo ya breki, nao hauna pa kwenda. Akaukunja, akaufunga kwa waya. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika tochi. Nikaviona vyote viwili. Mimi, mwanafunzi wa ualimu wa fizikia na hisabati, nikanyamaza, maana nilikuwa nimeshaambiwa mara mbili, "Mwalimu, wewe shika tochi."

Kesho yake tukatoka mjini kwenda chini Ipogolo kulijaribu. Wanaoijua Iringa wanakijua kile kiteremko. Kule juu kwenye tambarare mjomba alisema pedali ya breki ni ngumu, fundi akamwambia ni viatu vipya, vitakaa. Tulipoanza kushuka mjomba alikanyaga kwa mguu mmoja, kisha miwili, mgongo umebana kwenye kiti. Gari linapungua kidogo tu. Akarudisha gia ya pili, injini ikapiga kelele, akalielekeza kwenye ukingo wa udongo. Tukasimama. Hakuna aliyeumia. Mama mmoja aliyekuwa anauza nyanya pembeni alisimama ameshika ndoo yake, hakusema neno. Angalikuwa hatua kumi juu zaidi, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Kilichotokea ni nini? Si uchawi, wala si "ajali kazini". Servo ya breki inafanya kazi kwa mvuto wa hewa, vakyumu. Injini ya petroli huutoa mvuto huo bure, kwa sababu inapumua kupitia mlango wa hewa unaofungwa na kufunguliwa na mguu wako. Dizeli ya aina hii haina mlango huo, inavuta hewa wazi wakati wote, kwa hiyo hakuna vakyumu ya kutosha. Toyota walilijua hilo. Ndiyo maana altaneta ya 3L imebeba pampu ndogo ya vakyumu mgongoni, inayozungushwa na shafti ile ile ya altaneta, na inalainishwa kwa oili ya injini. Ule mrija uliozibwa kwa bolti ulikuwa wa oili ya pampu hiyo. Ule mpira uliofungwa waya ndio uliopaswa kwenda kwenye pampu hiyo. Kwa maneno mengine, aliyebadilisha altaneta alibadilisha breki, na hakujua.

Halafu mnaniambia mkanda ni mkanda tu.

Mkanda haujawahi kuwa mkanda tu. Ule ni msururu wa kazi. Krenki inauzungusha, mkanda unazungusha altaneta, wota pampu na feni, na kwenye magari mengine kompresa ya AC na pampu ya usukani. Kimoja kikikosewa, vingine vinalipa. Na hesabu zake ni za kidato cha pili, jamani. Puli ya krenki ikiwa na kipenyo cha milimita 140 na ya altaneta 70, altaneta inazunguka mara mbili ya injini. Injini ikiwa sailensa kwa mizunguko 700, altaneta iko 1,400. Ukiweka puli ya altaneta ya milimita 56, inakwenda mara mbili na nusu, 1,750. Tofauti ya milimita 14, na tayari hiyo ni altaneta nyingine. Inaweza kukuchajia betri ukiwa foleni au kukuacha uombe kusukumwa.

Na washa tatu je? Puli mbili zilizoachana milimita 200 zikipishana milimita 3 tu, mkanda unapinda karibu nyuzi 0.9. Unaona ni kidogo. Lakini kinachovumilika kwenye mikanda ni chini ya nyuzi moja, na kwa mikanda bapa yenye mistari ni kidogo zaidi. Mkanda unaliwa ubavu, unapiga mluzi. Fundi anasikia mluzi, anachukua nondo, anaikaza altaneta. Mluzi unakoma, mteja anafurahi, na beringi ya wota pampu inaanza kufa polepole. Baada ya miezi gari linachemsha, silinda hedi inapinda, na mjomba anaambiwa "injini za dizeli ndivyo zilivyo". Hivi kweli?

Msidhani haya ni ya Iringa peke yake, ya watu wasio na hela. Wamarekani wanapenda sana kuchukua Camaro au pikapu ya miaka ya 60 na kuitia injini ya V8 ya familia ya LS, ile General Motors waliyoianzisha kwenye Corvette ya mwaka wa modeli 1997. Injini ni ya familia moja, lakini mbele yake kuna umbali tofauti. Mkanda wa Corvette uko karibu zaidi na injini. Wa Camaro za 1998 hadi 2002 umesogea mbele kama milimita 19. Wa pikapu umesogea kama milimita 38. Ukichukua puli ya krenki ya Corvette na braketi ya altaneta ya pikapu, kila kitu kitafungwa bolti vizuri na hakuna kitakachokaa mstari. Na hata seti kamili ya pikapu si jibu kwa kila gari: kompresa yake ya AC hukaa chini ubavuni, na kwenye chesisi za zamani mara nyingi inagonga chuma. Wenye pesa nao wananunua mara mbili.

Kuna jingine kali zaidi. Kwenye V8 za zamani za Chevrolet, mkanda wa aina ya V ulizungusha wota pampu upande mmoja. Ulipokuja mkanda mrefu mmoja unaozunguka vyote, mgongo wake ndio ukawa unaigusa puli ya pampu, hivyo pampu ikazunguka kinyume, na panga zake za ndani zikatengenezwa kwa upande huo. Pampu mbili zinafanana kwa macho. Ukizibadilishana, gari linachemsha na wewe unabadilisha rejeta bure.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kuweka injini mpya kwenye gari la kale, nakuomba mambo machache. Nunua injini na mbele yake yote: puli, braketi, altaneta, tenshena kama ipo, hata bolti. Muuzaji akikuambia vimeuzwa, punguza bei au ondoka. Kama lazima utafute kimoja kimoja, tafuta cha injini ile ile iliyotoka gari la aina ile ile, usichanganye. Kabla ya kutupa injini ya zamani, andika kila kitu ilichokuwa inafanya: inachaji, inapooza, inavuta servo, inasukuma usukani. Kisha uliza, hii mpya itafanya hayo kwa kifaa gani? Weka rula iliyonyooka juu ya puli kabla ya kuchomelea chochote. Na ukiona mrija au mpira usio na pa kwenda, usiuzibe. Simamisha kazi. Uliza.

Najua jibu lenu. "Mtoto wa chuo, hujui maisha, mteja hana hela." Sawa. Mjomba alinunua altaneta mbili, mikanda mitatu na kulipa fundi mara mbili. Ile elfu tisini aliyookoa iko wapi? Na siwadharau mafundi wetu. Yule aliyeunga gia boksi ya Land Rover na injini ya Toyota kwa vifaa alivyokuwa navyo ana akili kuliko nusu ya darasa letu. Ninachokikataa ni kiburi cha kutopima, na kile cha kumwambia anayeuliza ashike tochi.

Lakini na sisi tuliosoma tuna lawama. Mimi nilifundishwa puli kwa mchoro wa kamba na mzigo ubaoni, nikapata alama zangu, nikasahau. Puli ya kweli ilipokuja mbele yangu, inazunguka, nikaogopa kuonekana mjuaji. Nitakapopewa darasa langu, wanafunzi watapelekwa gereji na rula mkononi. Na yeyote atakayeuliza "huu mpira unakwenda wapi?" atajibiwa.

Land Rover sasa ina altaneta yake ya 3L, yenye pampu mgongoni na mrija wake wa oili. Mjomba alinipigia juzi: breki laini, ameshuka Ipogolo na viazi. Kisha akacheka, akasema, "Mwalimu, siku nyingine weka tochi chini, useme."

Haya, nakimbilia maktaba, kuna kazi ya kukusanya kesho na sijaandika hata jina. Tuonane.