Mgeni Akikosea, Mwambie la Kufanya



Leo tunazungumzia mpira wa kikapu. Tunajua wapo watakaoguna: sisi tunaoandika habari za hina, mavazi na maisha ya ndoa, tuna shughuli gani na makocha wa Marekani? Tuvumilieni kidogo, maana suala lenyewe mnalijua vizuri. Mtu mpya anaingia mahali penye wenyewe na desturi zao. Atakosea, hilo halina shaka. Je, aliyemtangulia amfanye nini? Amkaripie? Amnyamazie? Ampake mafuta kwa mgongo wa chupa ili asivunjike moyo?

Kocha wa chuo hukutana na suala hili kila mwaka. Timu ya kulipwa inaweza kununua mchezaji aliyekwisha kuiva. Chuoni, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanamaliza na kuondoka, na miongoni mwa wanaochukua nafasi zao wamo vijana wa miaka 18 waliotoka kwao juzi. Kila mmoja alikuwa nyota wa skuli yake. Sasa amefika penye nyota watupu, hajui hata asimame wapi uwanjani.

Yupo kocha mmoja ambaye namna yake ya kusahihisha wageni ilichunguzwa na wataalamu na kuhesabiwa neno kwa neno. Tunaona kila mwenye kumpokea mgeni nyumbani mwake angefaidika kuijua.

Mwalimu wa soksi

Jina lake ni John Wooden. Alifundisha timu ya wanaume ya chuo kikuu cha UCLA, mjini Los Angeles, kuanzia mwaka 1948 hadi 1975. Katika miaka yake 12 ya mwisho timu hiyo ilichukua ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika skuli za sekondari, na watu waliomjua wanasema hakuacha kuwa mwalimu wa darasani hata alipokuwa na filimbi shingoni.

Siku ya kwanza ya mazoezi, mbele ya vijana waliokuja kuonesha ufundi wao, Wooden hakuanza na mpira. Alianza na soksi. Aliwaonesha namna ya kuzivaa, kuzivuta na kuzilainisha vidoleni na kisiginoni ili usibaki mkunjo hata mmoja. Kisha viatu, na namna ya kukaza kamba. Na alieleza sababu: mkunjo huleta lengelenge, lengelenge hukukosesha mazoezi, na asiyefanya mazoezi hachezi.

Fikirini. Kijana mrefu kuliko mlango anafundishwa kuvaa soksi! Lakini hekima ipo. Wooden hakuchukulia kwamba mgeni anajua. Makosa mengi ya mtu mpya hayatokani na ukaidi wala uvivu. Ni kwamba hakuna aliyemwambia. Mwenyeji amezoea mambo ya nyumbani kwake mpaka anadhani kila mtu amezaliwa nayo. Halafu mgeni akikosea, tunamhukumu kwa jambo ambalo hatujamfundisha.

Maneno yalipohesabiwa

Katika msimu wa 1974 na 1975, msimu wa mwisho wa Wooden, wataalamu wawili wa saikolojia, Ronald Gallimore na Roland Tharp, walikaa pembeni ya uwanja na kuandika kila alichosema na kufanya mazoezini. Walikusanya vitendo zaidi ya 2,300, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1976.

Mtu angetarajia nini kwa kocha bingwa? Hotuba za kutia moyo, labda, au makelele, au sifa nyingi. Haikuwa hivyo. Sifa hazikufika asilimia 7 ya yote aliyoyafanya. Maneno ya kuonesha kuchukizwa nayo hayakufika asilimia 7. Karibu robo tatu yalikuwa maelezo tu: fanya hivi, geuza mguu hivi, toa pasi mapema, usiudunde mpira pale, mtazame mwenzako kwanza.

Mchezaji alipokosea, Wooden alisimamisha mchezo. Alionesha namna iliyo sahihi, akaonesha namna mchezaji alivyofanya, kisha akaonesha tena iliyo sahihi. Yote hayo kwa sekunde chache, na mazoezi yakaendelea. Hakuwa na hotuba. Hakukumbusha kosa la juzi wala kumuuliza mtoto wa watu mbele ya wenzake kama kweli anafaa kuwapo pale.

Tungependa kila msomaji atazame mpango huo vizuri, kwa sababu ndani yake mna mambo matatu ambayo wengi wetu hatuyafanyi. Kwanza, sahihisho lilikuja papo hapo, halikuwekwa akiba mpaka siku ya hasira. Pili, lilihusu kitendo, halikuhusu mtu. Tatu, lilimalizia kwa lililo sahihi, kwa hivyo picha ya mwisho iliyobaki kichwani mwa mchezaji ilikuwa ya kile anachotakiwa kufanya. Ukimwambia mtu kosa lake mara tano, atakariri kosa.

Wooden mwenyewe alijua ugeni. Msimu wake wa kwanza wa kufundisha, katika skuli moja ya Kentucky mwaka 1932, timu yake ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Naye aliwahi kuwa mtu mpya asiyejua.

Mwaka mzima wa kukosea

Mwaka 1965 alifika UCLA kijana kutoka New York aliyeitwa Lew Alcindor, mwenye kimo cha zaidi ya futi 7. Zama hizo sheria za vyuo hazikumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kubwa. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1972. Wageni walikuwa na timu yao, na mwaka mzima wa kujifunza bila macho ya nchi nzima kuwatazama. Novemba 1965 wageni hao walicheza na wakubwa wao, waliokuwa mabingwa wa nchi mara mbili mfululizo. Wageni wakashinda kwa 75 dhidi ya 60, na Alcindor peke yake akapata pointi 31.

Bila shaka kipaji kilikuwapo. Lakini hata kipaji kile kilipewa mwaka wa kukosea bila kuadhiriwa. Siku hizi wachezaji wapya huingizwa moja kwa moja katika mechi kubwa, kosa linaoneshwa kwenye televisheni, na usiku huohuo linazunguka kwenye simu za watu wasiomjua mchezaji. Ni rahisi kusahau kwamba aliyekosea ni mtoto wa mwaka wa kwanza.

Alcindor huyo ndiye ulimwengu unayemjua leo kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Alisilimu mwaka 1968, akiwa bado chuoni. Wooden alikuwa Mkristo mshika dini, mzungu wa shambani kutoka Indiana. Kareem alikuwa kijana mweusi wa mjini, Muislamu mpya. Mtu angedhani wasingekaa pamoja. Urafiki wao ulidumu zaidi ya miaka 40, mpaka Wooden alipofariki Juni 2010 akiwa na miaka 99. Mwaka 2017 Kareem akaandika kitabu kizima kuhusu urafiki huo. Sisi tunasema hiyo ndiyo hesabu ya kweli ya kocha. Vikombe huwekwa kabatini vikapata vumbi. Mtu uliyemfundisha akiwa mgeni akaendelea kukutembelea uzeeni, huyo umemfundisha vizuri.

Lakini wakali nao wanashinda

Tunajua hoja itakayokuja. Wapo wanaoamini kwamba mgeni bila ya kukaripiwa hakai sawa, na hata kwenye mpira wa vyuo wana mfano. Bob Knight wa chuo kikuu cha Indiana alijulikana kwa hasira na makelele, na timu yake ilichukua ubingwa mwaka 1976, 1981 na 1987. Hatutakanusha. Ukali unaweza kuleta ushindi, na wapo wachezaji wake waliompenda mpaka mwisho.

Lakini tazameni mwisho wake pale chuoni. Mwaka 2000 ilioneshwa kanda ya mazoezi ya mwaka 1997 ambamo anaonekana ameweka mkono shingoni mwa mchezaji wake. Chuo kilimpa onyo kali, na Septemba ya mwaka huohuo kikamwondoa kazini baada ya tukio jengine na mwanafunzi. Zilikuwa karibu miaka 30 ya kazi. Mtu akizoea kusahihisha kwa hasira, hasira haikai mahali pamoja. Leo ni neno, kesho ni mkono.

Na msidhani Wooden alikuwa laini. Nyota wake Bill Walton alipokuja mazoezini na nywele ndefu kinyume cha sheria, aliambiwa wazi kwamba timu itaendelea bila yeye. Akaenda kunyoa. Mchezaji asiyesikia alikaa benchi, awe nani. Sheria ilikuwa ngumu, lakini haikuhitaji matusi. Watu wengi huchanganya mambo hayo mawili. Wanadhani asiyepiga kelele hana msimamo.

Neno moja la kupokea

Mpaka hapa tumemsema anayesahihisha. Anayesahihishwa naye ana wajibu wake, na hapa tunamtaja mwanamke mwenzetu, Pat Summitt. Alianza kufundisha timu ya wanawake ya chuo kikuu cha Tennessee mwaka 1974, akiwa na miaka 22, karibu umri mmoja na wachezaji wake. Mechi yake ya kwanza alifungwa kwa pointi moja. Alipostaafu mwaka 2012 alikuwa ameshinda mechi 1,098 na ubingwa mara 8. Alikuwa mkali, jicho lake tu lilitosha. Hata darasani aliwataka wachezaji wake wakae safu tatu za mbele.

Summitt aliweka utaratibu mmoja tunaoupenda sana. Mchezaji akisifiwa mazoezini, alitakiwa ajibu: pointi mbili. Akisahihishwa, ajibu: ribaundi. Ribaundi ni mpira unaorudi baada ya mtu kukosa kikapu, na anayeudaka anapata nafasi ya kujaribu tena. Basi neno hilo moja lilikuwa na maana ya: nimesikia, naupokea, najaribu tena. Hakuna kujitetea, hakuna kununa, hakuna kulia chooni. Na kocha akishasikia neno hilo, naye anamaliza. Kosa limefungwa kwa pande zote mbili.

Haya yanatuhusu nini

Msomaji wetu ambaye harusi yake ni baada ya Ramadhani, wewe ni mchezaji wa mwaka wa kwanza. Unaingia nyumba yenye wenyewe. Hujui chumvi yao, hujui nani huamka mapema, hujui kiti cha baba mkwe ni kipi. Utakosea. Ukiambiwa, pokea kama wale wasichana wa Tennessee: nimesikia, nitajaribu tena. Usilihesabu kila sahihisho kuwa ni chuki.

Na wewe mama yetu, mama mkwe, na wewe wifi, na wewe bwana harusi, nyinyi ndio makocha. Wali ukiungua siku ya kwanza, mwoneshe jiko lenu linavyotiwa moto, muda huohuo, kwa maneno machache, kisha mle. Usimnyamazie wiki nzima halafu ukampigia simu shoga yako. Usimkusanyie makosa ya miezi sita ukayamwaga siku moja mbele ya watu. Usimsifu uongo pia, maana sifa ya uongo haimfundishi kitu, na siku atakapojua ukweli ataona alichekwa.

Tunayasema haya kwa sababu tunayaona. Ndoa changa ngapi zinaingia ufa kabla ya mwaka, si kwa jambo kubwa, bali kwa vijineno vidogo vidogo vya kila siku ambavyo hakuna hata kimoja kilichomwambia bibi harusi afanye nini? Anaambiwa alivyo, haambiwi afanyeje. Mwisho anaamini kwamba yeye ndiye kosa, na mtu akiamini hivyo, hajaribu tena.

Wazee wetu walishatuambia kwamba kosa moja haliachi mke. Makocha wa vyuo, kila mmoja kwa njia yake, wanatuongezea la pili: kosa moja ni nafasi moja ya kufundisha, na nafasi yenyewe ni fupi, sekunde chache tu. Ukizitumia kulaumu, zimepita.

Basi mgeni akikosea nyumbani kwako, kabla hujafungua mdomo jiulize: ninayotaka kumwambia yatamsaidia kesho asikosee tena? Kama ndiyo, mwambie kwa upole na kwa ufupi. Kama siyo, hayo ni ya moyo wako, yameze.

Tunawaombea maharusi wetu wote nyumba zenye subira. Inshallah tukutane tena.