Mwarobaini ni wa gunia la mahindi, si wa debe la unga

Na Kabula Masunga

Kuna ushauri ninaousikia mara kwa mara huku kwetu, kuanzia Kahama hadi Katoro: unga ukiingiwa na wadudu, twanga majani makavu ya mwarobaini, changanya humo, watakimbia. Nimekuwa mtetezi wa dawa za mimea kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyohiyo naupinga ushauri huu.

Unga hauoshwi wala haupepetwi. Chochote ulichochanganya humo umeamua kukila, wewe na mtoto anayenyweshwa uji. Mahindi yaliyopakwa vumbi la mwarobaini yanapepetwa, yanaoshwa, yanaanikwa, ndipo yanakwenda mashineni. Na tusidanganyane kwamba kitu kikitoka porini basi ni salama. Utupa, ambao wavuvi wa zamani waliutumia kulevya samaki, una rotenoni, na hiyo ni sumu kamili.

Mdudu mwenyewe tumfahamu. Yule mwekundu wa kahawia, wa milimita tatu au nne, anayetembea juu ya sembe, wanasayansi wanamwita Tribolium castaneum. Hana nguvu ya kutoboa punje nzima. Anaishi kwa chenga, vumbi na matundu yaliyoachwa na wadudu wengine. Akizidi, anatoa kemikali zinazoupa unga harufu kali na rangi inayoelekea waridi. Unaweza kumtoa kwa chekeche, lakini mayai yake ni madogo, yananata na unga, na mengi yanapita. Kwenye joto kama letu, baada ya mwezi hivi kizazi kipya kimekomaa. Kwa hiyo anayepambana naye ndani ya debe amechelewa. Vita vilipotea kwenye mahindi yaliyotobolewa kabla ya kusagwa, kwenye masalia yaliyoganda ndani ya mashine, na kwenye sakafu ya duka.

Aliyetoboa mahindi hayo mara nyingi ni dumuzi, ambaye wakulima wengine walimwita Scania. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alionekana Tabora, jirani zetu wa mlango wa pili, na tangu hapo anageuza mahindi na makopa ya mihogo kuwa vumbi. Hapa ndipo dawa za mimea zina kazi: ghalani, mapema, punje zikiwa zimekauka vizuri na gunia likiwa safi. Nguvu ya mwarobaini imejaa zaidi kwenye mbegu kuliko kwenye majani, na mbegu hizo zikaushwe kivulini kwa sababu jua linaidhoofisha dawa. Haiui papo hapo. Inamkosesha mdudu hamu ya kula na kumzuia kujivua gamba na kukua. Dumuzi akishajaa ghalani, usitegemee mwarobaini umkomeshe.

Tena mimea inadanganya. Watafiti waliopima utupa ambao wakulima nchini Malawi huutumia kuua wadudu, wakachapisha matokeo yao mwaka 2012, walikuta karibu robo yake ni wa aina isiyo na rotenoidi, yaani rotenoni na jamii yake. Kwa macho huwezi kuutofautisha na ule wenye nguvu. Fikiria mkulima aliyeupanda, akautunza, akauvuna na kuutwanga, halafu mahindi yake yakaliwa. Atasema dawa za asili ni uongo, na kesho atafungua chupa ya dawa ya pamba.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sisi ni watu wa pamba, na dawa ya kupulizia pamba haiko mbali na chakula ndani ya nyumba nyingi. Haikutengenezwa kwa ajili ya nafaka, na haifai kuigusa hata kwa tone. Vidonge vya kufukiza mahindi navyo vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, isiyo na dawa ya kuizima mwilini. Havifai kuwekwa kwenye chumba wanacholala watu.

Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Nyarugusu au Rwamagasa hana ghala. Ananunua unga kwa kilo, anakula alichonacho mwenye duka. Huyo hatasaidiwa na mwarobaini hata kidogo. Atasaidiwa na mwenye mashine anayesafisha masalia kila jioni, na mwenye duka anayeweka viroba juu ya mbao na kuuza vya zamani kwanza. Maafisa afya wa halmashauri waingie kwenye mashine na maduka hayo.

Turudi kwenye dawa za mimea. Mkoa wa Shinyanga ulifyekwa miti enzi za ukoloni ili kumwangamiza mbung'o. Kuanzia 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ukasaidia vijiji kurudisha ngitili, yaani maeneo yanayotengwa ili nyasi na miti viote tena. Mimea imerudi, na wazee wanaojua ipi huhifadhi nafaka bado wapo. Nawaomba watafiti wa kilimo wa TARI Ukiriguru na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu wawafuate wazee hao, waipime mimea hiyo, watuambie ipi ina dawa, ni kiasi gani kwa gunia la kilo mia, na nafaka ikae muda gani kabla ya kuliwa. Watuambie kwa Kiswahili, na redioni kwa lugha ambayo bibi wa Kishapu ataielewa.

Wakati tunasubiri, saga unga wa wiki mbili tu, osha na kukausha debe kabla ya kumimina mpya, na ukiuona umegeuka rangi na kunuka, usiusonge.