Gesi ya kiyoyozi haiishi, huvuja

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, Mombasa hutokota kwa joto. Garissa na Lodwar nako jua halina huruma. Ndipo gereji zinapofurika magari ambayo viyoyozi vyake vimekoma kupoza, na ndipo wenye magari hayo wanapolipia matengenezo ambayo, baada ya miezi michache, hulazimika kuyalipia upya.

Wapo wanaolaumu joto. Wapo pia wanaolaumu magari yaliyotumika tunayoyaagiza kutoka Japani. Hoja zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini hasara kubwa, kwa maoni yangu, hutokana na kutojua. Mwenye gari hajui chombo chake kinavyofanya kazi, naye fundi anayejua nusu humwuzia nusu ya tiba kwa bei kamili.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Kompresa, inayozungushwa na injini, huikandamiza gesi hadi ikawa moto. Gesi hiyo hupita katika kondensa iliyo mbele ya rejeta, ikapigwa na upepo, ikatoa joto lake na kugeuka kiowevu. Kiowevu hicho kikisha kupenya kwenye vali nyembamba, shinikizo hushuka ghafla, nacho huchemka na kuwa mvuke ndani ya mabomba yaliyojificha nyuma ya dashibodi. Katika kuchemka huko hunyonya joto la hewa iliyomo garini. Gesi iitwayo R-134a, ambayo hutumika katika magari mengi ya barabara zetu, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri katika shinikizo la kawaida la hewa. Mwanafunzi asishangae: ni kanuni ile ile inayoyapoza maji ndani ya mtungi wa udongo.

Mzunguko huo wote umefungwa. Gesi haiungui kama petroli, wala hailiki kama breki. Ni kweli kwamba kiasi kidogo hupenya kwenye mipira na maungio kadiri miaka inavyopita. Lakini gari linalodai kujazwa gesi kila msimu lina tundu, na kulijaza bila kulitafuta tundu hilo ni kumimina maji katika pakacha.

Isitoshe, hasara haiishii kwenye bei ya gesi. Pamoja na gesi husafiri mafuta yanayoilainisha kompresa. Gesi inapovuja, baadhi ya mafuta hayo huponyoka nayo, na pungufu la gesi huzuia yaliyobaki yasirudi vizuri. Kompresa ikikosa mafuta husagika, na vipande vya chuma husambaa katika mabomba. Fundi akifunga kompresa nyingine bila kuyasafisha mabomba wala kubadilisha kichujio cha unyevu, ile mpya nayo huweza kufa kwa maradhi ya ile ya kwanza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta hujengwa mara mbili, na mlipaji ni yule yule.

Yafaa basi mwenye gari aulize kabla ya kufungua mkoba. Je, fyuzi, rilei na feni zimekaguliwa? Kondensa imeoshwa vumbi? Kichujio cha hewa ya ndani kimetazamwa? Aghalabu kasoro huwa ndogo kama hizo. Je, tundu limetafutwa kwa rangi maalumu au kwa shinikizo la naitrojeni? Hewa na unyevu vimefyonzwa kwa pampu kabla ya kujaza? Gesi imepimwa kwa uzito ulioandikwa na mtengenezaji, au imekisiwa tu? Fundi stadi hatachukizwa na maswali haya, atayafurahia.

Watakuwapo watakaosema kwamba kiyoyozi ni anasa ya matajiri, na kwamba wengi wetu tunasafiri katika matatu tukifungua madirisha. Lakini dereva wa teksi wa Mombasa aliyenunua gari kwa mkopo si tajiri. Abiria wakimkimbia kwa ajili ya joto, mkopo haumngoji. Mgonjwa aliyelazwa ndani ya ambulansi inayotoka Garissa naye hatafuti anasa.

Aidha, gesi inayovuja haipotei. Gesi ya zamani, R-12, ilikuwa ikiharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kuitumia kufikia 2010. R-134a haiidhuru ozoni, lakini kwa uzito ule ule huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya kaboni. Ndiyo maana mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii yake. Fundi anayeiachilia hewani ili ajaze nyingine anamwuzia mteja baridi ya leo na kutuongezea sote joto la kesho.

Mafundi wetu wa jua kali wana mikono hodari na akili pevu. Wanachokosa wengi wao ni vipimo na mafunzo. Serikali za kaunti zingefanya vyema kuzipatia taasisi za ufundi pampu, mizani na mitungi ya kukusanyia gesi, na kuwawezesha mafundi walio kazini kuhudhuria masomo mafupi na kufanyiwa majaribio ya ufundi.

Nanyi walimu wa fizikia, msiyaache masomo ya mvuke na shinikizo yafe ubaoni. Wapelekeni wanafunzi kwenye gereji iliyo karibu, wamwone fundi akipima, wamwulize maswali. Miongoni mwao wamo mafundi wa kesho, na wengine wote watakuwa wateja wao. Pande zote mbili zikijua kwamba gesi haiishi bali huvuja, mwenye kuuza ujazo wa kila msimu atakosa soko.