Kizuizi cha Rafadha na Gharama Yake

Alfajiri, boti zirejeapo na ndagala mwaloni Minago, kusini mwa Bujumbura, akina mama husubiri ukingoni na mabeseni yao, nao watoto hujitosa majini kuzilaki. Hapo ndipo penye hatari. Injini ya boti izungukapo mara 5,000 kwa dakika, gia huipunguzia rafadha mwendo hadi karibu nusu. Hata hivyo mapanga yake huzunguka mara 40 hivi kila sekunde, chini ya maji, yasipoonekana.

Kinga iliyobuniwa ni kizuizi: pete au kitundu cha nondo kinachoizingira rafadha. Mbona basi boti nyingi hazina? Kila kiburutwacho majini hukinza mwendo, na kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka mara nne. Boti ya mizigo iendayo polepole haidhuriki sana. Boti ya doria ifukuzayo magendo hupungukiwa kasi na kunywa petroli zaidi. Aliyewahi kupanga foleni ya petroli nchini Burundi anaujua uzito wa lita moja.

Katika miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kort aliivisha rafadha bomba fupi lililokaribia mno ncha za mapanga, na meli zivutazo nyingine zikaongezewa nguvu katika mwendo mdogo. Pete iliyoachana na mapanga haina fadhila hiyo. Hata ndege ndogo zisizo na rubani zina taabu ya namna hii: kizingo cha plastiki huokoa vidole, lakini huongeza uzito na kushika upepo, betri ikaisha mapema.

Nchini Marekani, kamati ya ushauri ilipendekeza mwaka 1989 kwamba vizuizi visilazimishwe. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya huko ikaamua kuwa jambo hilo halimzuii mume aliyefiwa na mkewe ziwani kumshtaki mtengenezaji wa injini.

Ziwa Tanganyika lina udhia wa ziada, nao ni nyuzi za nyavu. Zikinasa kitunduni, nahodha hushawishika kuingiza mkono injini ingali ikiwaka. Boti ya mizigo ifikayo pwani katikati ya watoto yastahili kizuizi, gharama iwayo yote. Ile ya doria yafaa zaidi kamba ya kuzimia injini, ifungwe kwenye kifundo cha mkono wa nahodha. Kisha injini izimwe na kuinuliwa kabla ya kuwafikia waogeleaji, na safari imaliziwe kwa makasia.