Kabla ya kuuliza bei ya moteri, uliza maji yatapita wapi

Mutoshi inajulikana mbali kwa sababu ya kobalti. Wengi wamesoma juu ya mradi wa Chemaf na Trafigura ulioanza mwaka wa 2018 ili kuwapanga wachimbaji wadogo, na jinsi ulivyosimamishwa mwaka wa 2020 wakati wa Covid. Leo nazungumzia Mutoshi nyingine, ile ya garaji za chini ya miti, ambako pikipiki ya zamani inaingizwa asubuhi ikisukumwa na kutoka jioni ikinguruma na moteri isiyo yake.

Nimeiona kazi hiyo mara nyingi. Mtu ana Yamaha DT au AG ya miaka mingi, pengine ameiachiwa na mzazi. Fremu yake ni ngumu, barabara zetu zimeshindwa kuivunja, lakini moteri imechoka na vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi. Fundi anamshauri aweke moteri ya Kichina ya pikipiki ya magurudumu matatu, ile ya 200 au 250. Ina nguvu na vipuri vyake viko sokoni. Wanapatana bei, wanapeana mikono.

Hapo ndipo jambo moja linasahauliwa. Moteri ya zamani ilikuwa inapozwa na upepo. Nyingi za hizi za magurudumu matatu zinapozwa na maji. Fremu ile haikutengenezewa radiateri, haina njia ya tuyo, haina mahali pa ventilateri. Kufunga moteri kwenye fremu ni kazi ya kulehemu, na vijana wetu wanaijua. Kuyapitisha maji ni kazi nyingine kabisa, na ninasema wazi kwamba wengi wanaifanya kwa kubahatisha, kwa sababu sisi wenye pikipiki hatutaki kuilipia.

Najua kwa sababu yalitupata nyumbani. DT ya marehemu baba ilifungwa moteri ya maji katika garaji moja ambayo sitaitaja. Radiateri iliwekwa nyuma ya moteri, chini ya kiti, mahali ambapo upepo haufiki. Tuyo ilikuwa ile ya plastiki ya kumwagilia bustani. Niliuliza kama itavumilia, kijana akanijibu: «Yaya, mayi iko, usiogope.» Maji yalikuwepo kweli. Wiki ya tatu, mdogo wangu akiwa anapanda mlima na mzigo nyuma, tuyo ilichomoka na maji ya kuchemka yakamwagika kwenye mguu wake wa kushoto. Alikaa hospitalini siku tisa. Moteri nayo ilikufa siku hiyohiyo.

Aliyenifafanulia ni mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana za Gécamines. Alichora chini kwa kijiti. Maji baridi yanatoka chini ya radiateri, pompi inayasukuma ndani ya silinda, yanapanda hadi kichwa cha moteri penye joto kali kuliko pote, yanapita kwenye termostati, kisha yanarudi juu ya radiateri ili yashuke yakipoa. Mwenye kugeuza tuyo mbili hizo anailazimisha pompi kushindana na maji. Waingereza wa kampuni ya Scott walitia maji kwenye pikipiki tangu mwanzo wa karne ya 20, tena bila pompi: maji ya moto yalipanda yenyewe na ya baridi yakashuka. Kwa hiyo kupanda na kushuka si jambo dogo hapa.

Radiateri yetu ilikuwa chini kuliko kichwa cha moteri. Ikiwa hivyo, hewa inabaki imefungwa pale juu, na mahali palipo na hewa hapana maji. Unajaza radiateri, unaiona imejaa, kumbe kichwa kinaungua kikavu. Mzee anasema mdomo wa kujazia lazima uwe juu kuliko sehemu nyingine yote ya mfumo. Radiateri isipoweza kukaa juu, unatia mdomo huo kwenye tuyo ya juu, karibu na tangi. Na kabla ya kufunga radiateri mbele ya fremu, bonyeza pikipiki hadi chini uone gurudumu la mbele linafika wapi linapoingia kwenye shimo.

Kisha kuna kizibo. Hili ndilo lililonishangaza. Kolwezi iko juu, karibu mita 1.440 kutoka usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100 kama tulivyofundishwa shuleni. Moteri ya maji inafanya kazi kati ya digrii 80 na 100. Kizibo chenye springi ya bari 1,1 kinayabana maji hata yasichemke mpaka karibu digrii 120. Kizibo kisicho na springi, kama kile chetu, kinayaacha yachemke kwa 95. Fundi wa Dar es Salaam anaweza kusamehewa kidogo kwa kizibo kibovu. Wa Mutoshi hawezi.

Juu ya tuyo sina maneno mengi. Plastiki ya bustani inalegea kabla moteri haijafika kwenye joto lake la kazi. Tafuta tuyo ya mpira ya gari, ya kipenyo kilekile, na mahali pa kona kali tumia bomba la chuma lililokunjwa ili mpira usijikunje na kuziba. Funga kila mwisho kwa kolye ya chuma, si waya.

Termostati, wengi wanaitupa wakidhani inazuia maji. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi za baridi kali, moteri bila termostati inazunguka muda mrefu ikiwa baridi na kujila polepole. Kama huiamini, itie ndani ya sufuria ya maji juu ya makaa. Ikifunguka, ni nzima.

Na maji yenyewe! Sisi tunakaa juu ya shaba. Maji yaliyobeba shaba yanaitoboa aluminiumu, na moteri hizi pamoja na radiateri zake ni aluminiumu. Usichote kwenye dimbwi la karibu na shimo la mgodi. Nunua likide ya radiateri, lakini iweke mbali na watoto, kwani nyingi ni tamu mdomoni na ni sumu.

Nilirudi kwa yule kijana wa garaji, si kwa ugomvi. Aliniambia wateja wanampa pesa ya moteri na ya kulehemu, na akitaja radiateri na ventilateri wanasema anataka kuwala. Siwezi kumkatalia. Mimi mwenyewe nilimbana bei. Lakini fundi anayejua kwamba kazi haijakamilika angeikataa, na muuzaji anayetoa moteri ya maji uchi, bila radiateri yake, kizibo chake na tuyo zake, anauza nusu ya kitu kwa bei ya kitu kizima. Ningependa wenye maduka ya Kolwezi waviuze vyote pamoja, na mafundi waandike bei ya maji peke yake kwenye karatasi, ili mteja akiikataa ajue alichokataa.

DT ya baba inatembea tena. Radiateri iko mbele, ventilateri nyuma yake, na tuyo ndogo inatoka kwenye mdomo wa kizibo mpaka ndani ya kichupa, ncha yake ikizama kwenye maji ili moteri ikipoa iyavute tena. Mdogo wangu ndiye anayeyasafisha mapezi ya radiateri kila Jumamosi, maana vumbi letu jekundu linayaziba kama udongo wa mfinyanzi. Kizibo hagusi mpaka moteri imelala usiku kucha.