Nani Atamchora Askari wa Mara?

Sema tu kwamba unatoka Mara, popote pale nchini, na utani wa kwanza utakaoupata ni wa jeshi. Utaulizwa kama baba yako ni mjeda, kama umepita Rwamkoma, kama kweli huko kwenu mtoto huzaliwa na buti mguuni. Tumeuzoea utani huo, na wengine tunaufurahia kimyakimya, kwa sababu ndani yake kuna heshima.

Lakini nina swali kwa wanaotutania, na zaidi kwa sisi tunaotaniwa. Picha ya huyo askari iko wapi? Nimetembea Musoma kutoka Mwigobero hadi Makoko. Nimeishi Bunda. Butiama nimeenda mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Nimeona picha ya Mwalimu kwenye kila ofisi, kama inavyostahili. Nimeona simba, twiga na Wamasai kwenye turubai zinazowasubiri watalii wa Serengeti. Sijaona hata ukuta mmoja unaosimulia habari za vijana waliotoka vijiji hivi kwenda vitani, kwa miaka zaidi ya mia moja.

Ninachosema ni hiki: askari wetu amechorwa na kuchongwa na kila aliyemwajiri, na kila mwajiri alimpa sura iliyomfaa yeye mwajiri. Tukiendelea kukaa kimya, tutabaki na sura hizo.

Zitazame. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, kamanda aliyeunda jeshi lao la kwanza katika nchi hii. Wissmann yuko juu, anatazama mbali kama mwenye nchi. Chini yake yuko askari Mwafrika, ameinua macho kumtazama bwana wake. Waingereza waliposhinda waliiondoa, ikaishia Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Wakamwangusha Wissmann, na askari wetu akaanguka naye.

Halafu kuna Walter von Ruckteschell, mchoraji aliyekuwa pia ofisa chini ya Lettow-Vorbeck katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1939, enzi za Wanazi, michongo yake mikubwa ya udongo wa kuchoma iliwekwa kwenye kambi ya jeshi huko Hamburg iliyobeba jina la Lettow-Vorbeck. Ofisa Mzungu mbele, askari nyuma yake. Kwingine wapagazi na mizigo. Hiyo ndiyo hadithi ya "askari mwaminifu", iliyotumika kuwaaminisha Wajerumani kwamba tuliwapenda na tulikuwa tunawasubiri warudi. Uaminifu huo haukutaja mshahara, viboko, wala vijiji vilivyochomwa na askari haohao wakati wa Maji Maji.

Ya tatu unaijua, maana umepigia picha hapo. Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson. Bunduki mbele, singe imeelekea bandarini. Ni kazi nzuri. Lakini muulize mtu yeyote anayepita pale: huyu ni nani? Hana jina. Maandishi yake yanawasifu wapagazi kama viungo vya mwili wa jeshi, mikono na miguu. Mikono na miguu haina uso. Rekodi za Waingereza wenyewe zinahesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao, na kumbukumbu kubwa waliyobaki nayo mjini ni jina la soko: Kariakoo, kutoka jina la Kiingereza la kikosi chao. Tunanunua nyanya juu ya jina lao.

Kabla hujaniambia kwamba picha ni mapambo tu, tazama walichofanya Waskoti. Oktoba 25, 1854, huko Balaclava, kikosi cha 93 cha Sutherland Highlanders kilisimama kwa safu nyembamba mbele ya wapandafarasi wa Urusi. Miaka 27 baadaye, Robert Gibb, ambaye siku ya mapigano alikuwa mtoto wa miaka minane, aliichora safu ile kwa rangi za mafuta na kuiita The Thin Red Line. Leo picha hiyo iko kwenye makumbusho ya vita ndani ya ngome ya Edinburgh, na watu wengi wanaijua vita ile kwa macho ya Gibb. Aliongeza chumvi: kwake Warusi wanaanguka karibu kabisa na singe, wakati ukweli ni kwamba walipigwa risasi wakageuza farasi wakiwa bado mbali.

Kuna jambo zito zaidi ambalo Gibb hakulichora. Kikosi kile kiliundwa mwaka 1799 kwa kuchukua vijana wa wapangaji wa ardhi ya Sutherland. Miaka michache tu baadaye, wenye ardhi walewale wakaanza kuzifukuza familia za vijana hao na kuchoma nyumba zao ili wafuge kondoo. Mama wa askari anahamishwa, mwanawe anavaa koti jekundu. Hilo halimo kwenye turubai. Ndiyo maana ninasema picha ya kijeshi ina nguvu mbili: inakumbusha, na inafunika. Waskoti walipata ya kwanza pamoja na ya pili. Sisi hatuna hata moja, na hiyo ndiyo bahati yetu: tunaweza kuchagua.

Tuanzie Butiama. David Musuguri alizaliwa hapo mwaka 1920. Mwaka 1942 aliingia King's African Rifles, jeshi la mfalme asiyemjua, akapelekwa Madagascar kupigana na Wafaransa asiowajua. Baada ya vita alikuwa mkufunzi Kenya, na mmoja wa makuruta waliopita mikononi mwake alikuwa kijana wa Uganda aliyeitwa Idi Amin. Mwaka 1979 aliongoza Divisheni ya 20 ya JWTZ kuelekea Kampala kumng'oa kuruta huyohuyo. Akawa Mkuu wa Majeshi hadi 1988, akarudi kijijini, akafariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Niambie ni mchoraji gani duniani angepewa maisha kama hayo akayaacha. Gibb angechora kuta tatu. Sisi tulituma rambirambi kwenye WhatsApp.

Lakini sitaki sanamu ya jenerali. Jenerali ana jina tayari. Namtaka yule wa kawaida: kijana wa Kikurya au wa Kizanaki aliyepangwa mstari na daktari wa kikoloni, akapimwa kifua na kutazamwa meno kama ng'ombe wa mnadani, kwa sababu Waingereza walikuwa wameamua kwamba kuna makabila ya vita na makabila ya jembe. Utani tunaotaniwa leo ulizaliwa kwenye daftari la afisa huyo. Tunaurithi bila kujua kwamba ni lebo.

Namtaka pia askari wa Januari 20, 1964, kambi ya Colito, siku wenzetu walipoasi wakidai mshahara na maofisa Waafrika. Colito ilikuwa jina la mapigano ya Ethiopia ya mwaka 1941. Baadaye kambi ikaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Kubadili jina lile kulikuwa tendo kubwa: kambi iliacha kukumbuka ushindi wa mfalme wa Uingereza, ikakumbuka ushindi juu ya wakoloni. Tulibadili jina. Picha hatukuibadili, kwa sababu hatukuwa nayo.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: kuchora vita ni kutukuza vita. Hapana. Anayetukuza vita ni yule anayeiacha ibaki utani na gwaride. Mchore mama wa Nyamuswa anayesikiliza redio usiku, Machi 1979, akisubiri jina la Lukaya lipite bila kuandamana na jina la mwanawe. Mchore mgambo aliyekwenda Kagera na viatu vya kuazima. Hapo hutaona utukufu, utaona gharama.

La pili: mkoa una shida ya maji na barabara, nani ana hela ya rangi? Safiri kutoka Bunda hadi Musoma uhesabu kuta nzima zilizopakwa rangi za makampuni ya simu. Hakuna aliyeuliza kuhusu maji siku zilipopakwa.

La tatu nimelisikia kwa masikio yangu. Rafiki yangu, mchoraji wa mabango pale Bunda, alipeleka kwenye ofisi moja mchoro wa penseli: wazee watatu wa KAR wamekaa kwenye viti, nishani kifuani, vijukuu miguuni. Aliomba ukuta tu, rangi angenunua mwenyewe. Aliyempokea akautazama mchoro kwa muda, akamrudishia. "Kijana, mambo ya jeshi hayachezewi. Chora twiga." Hakuna siri ya jeshi katika Madagascar ya 1942. Kilichopo ni woga, tena woga uliozoeleka hadi unafanana na adabu.

Na muda hautungoji. Wale wa Burma na Madagascar wamekwisha kuondoka karibu wote. Wale wa Kagera, aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 sasa anakaribia 70. Picha zao za pasipoti zimo kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda, zinaliwa na mchwa, na mjukuu anayesoma chuo hajui babu anavaa nishani gani kila Julai 25.

Kwa hiyo sisubiri ofisi, na nakuomba wewe pia usisubiri. Kuta za shule mlizosoma zipo. Ongeeni na walimu wakuu. Ukuta wa duka la mjomba upo. Makumbusho ya Mwalimu Butiama yapo, na pale Mwitongo ipo nyumba aliyojengewa Mwalimu na jeshi. Hakuna mahali panapofaa zaidi kuanzia. Lakini kabla ya brashi, nenda na daftari. Muulize mzee jina lake kamili, la baba yake, la kikosi, la rafiki aliyemwacha kaburini Kaboya au huko Uganda. Kisha chora, na chini ya kila uso andika jina, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzisoma.